Mate na Makaratasi: Nilivyomfikia Mama Aliyenizaa

Watu waliolelewa na wazazi wasiowazaa huniuliza swali moja kwa namna nyingi: nikipima vinasaba, nitampata mama yangu? Nimeulizwa na vijana waliomaliza shule juzi, nimeulizwa na mabibi wenye vitukuu. Wote nawaambia kwamba kipimo kitawaonyesha walivyo karibu na watu fulani, basi. Jina hutoka kwenye makaratasi. Na mama mwenyewe, kama yu hai, hujitokeza kwa hiari yake. Ni kazi tatu, na anayezichanganya ndiye anayeishia kuumia au kuumiza wengine.

Mimi nililelewa na watu walionipenda. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaodhani kwamba anayetafuta asili yake anawakimbia waliomlea. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na mama aliyenilea aliifanya kazi hiyo yote. Ndiye aliyenipa karatasi ya kwanza, na ndiye aliyeketi nami mezani nilipokuwa najaza kichupa cha mate. Nilitaka kujua uso wangu umetoka wapi. Nilitaka pia, mara moja tu maishani, kumjibu daktari anapouliza kama kwenye ukoo kuna kisukari, presha au saratani.

Karatasi yenyewe ilikuwa muhtasari wa faili langu la kuasiliwa, yaani la kukabidhiwa kisheria kwa wazazi walionilea, ule unaotolewa baada ya majina yote kuondolewa. Mistari michache iliyopigwa taipu: mama, miaka 19, mtoto wa pili kati ya watano, baba yake fundi seremala, mrefu, ana mwanya, anapenda kushona. Baba wa mtoto: hakutajwa. Katikati ya mstari wa tatu palikuwa na jina, na mtu alilifunika kwa wino mweusi, akapitisha wima kisha akapitisha ulalo, hata ukiinua karatasi kwenye mwanga huoni kitu. Niliisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kuchanika. Wakati huo sikujua kwamba neno dogo lile, "watano", ndilo litakalonifaa kuliko mengine yote.

Kabla hujatema mate kwenye kichupa chochote, uliza kwanza sheria ya mahali ulipozaliwa inasemaje. Wengi huiruka hatua hii, na ni ya bei rahisi kuliko zote. Uskoti iliwaruhusu walioasiliwa kuona cheti chao cha kwanza cha kuzaliwa tangu sheria yake ya mwaka 1930. Uingereza na Wales zilifuata kwa sheria ya 1975, New Zealand 1985, Ireland 2022. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake: Kansas na Alaska hazikuwahi kuwafungia watu wazima vyeti vyao, ilhali New York ilivifungua tarehe 15 Januari 2020. Kwa waliozaliwa kwa mbegu za mfadhili, Sweden ndiyo iliyotangulia kuondoa usiri, mwaka 1985, na Uingereza ikafanya hivyo mwaka 2005. Aliyezaliwa penye sheria za namna hii anaweza kulishika jina la mama yake mkononi bila kupima chochote. Jina la baba ni gumu zaidi, maana mama asiye na ndoa mara nyingi aliandikwa peke yake na nafasi ya baba ikapigwa mstari. Faili langu mimi lilikuwa limefungwa, kwa hiyo sikuwa na njia ila kuzunguka.

Kuzunguka huko kuna waliotufundisha. Utawala wa kijeshi wa Argentina, kati ya 1976 na 1983, uliwateka maelfu ya vijana, wakiwemo wanawake wajawazito, na watoto waliozaliwa kizuizini wakapewa familia nyingine kwa majina mengine. Mwaka 1977 mama wa wale waliopotea waliungana kuwatafuta wajukuu zao. Ndio Abuelas de Plaza de Mayo, yaani Mabibi wa Plaza de Mayo. Walikuwa na damu yao wenyewe tu. Watoto wao, ambao kwa kawaida ndio wangepimwa, hawakuwepo tena. Kina bibi wale wakawaendea wanasayansi na kuwauliza kama damu ya bibi inaweza kumtambua mjukuu ikiwa kizazi cha katikati kimeondolewa. Mwanajenetiki Mmarekani Mary-Claire King alikuwa miongoni mwa waliowajibu kwa vitendo mwaka 1984, na mwaka 1987 nchi ikaanzisha kwa sheria benki ya taifa ya vinasaba. Wajukuu zaidi ya 130 wameshajulikana, wengine wakiwa watu wazima wenye watoto wao. Kila ninapofungua orodha ya mtu mwingine asiye na mzazi wa kupima, nawakumbuka. Wao ndio waliothubutu kwanza kumtafuta mtu kwa kuwapima waliomzunguka.

Sasa namba. Kila mtu amepokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba, lakini mzazi hatoi nusu ileile kwa kila mtoto. Alivyopewa na wazazi wake huvichanganya kwanza, kama karata zinavyochanganywa kabla ya kugawiwa, ndiyo maana watoto wa tumbo moja hutofautiana. Maabara hulinganisha vinasaba vyako na vya kila mtu aliyemo kwenye hifadhidata yake, hutafuta vipande mnavyoshirikiana, kisha hujumlisha urefu wa vipande hivyo kwa kipimo kinachoitwa sentimogani, kwa kifupi cM. Mzazi na mtoto hushirikiana wastani wa cM 3,485. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, 2,613. Ndugu wa mzazi mmoja tu, 1,759. Wajukuu wa wanandoa wamoja, yaani mabinamu, 866. Vitukuu wa wanandoa wamoja, 229. Vilembwe wao, 73. Wastani huu ulikusanywa na mtafiti wa nasaba Blaine Bettinger kutokana na matokeo ya maelfu ya watu waliojitolea, na jedwali lake ndilo ninalolifungua kabla ya kitu kingine chochote.

Lakini wastani una mapana yake. Vitukuu wawili wanaweza kushirikiana 41, wanaweza kushirikiana 592. Kati ya vilembwe, karibu mmoja kwa kila kumi hatashirikiana na mwenzake kipande chochote kinachoonekana, na hapo hakuna aliyedanganya wala kuzini. Tena namba moja hubeba undugu wa aina kadhaa. Dada mmoja niliyemsaidia alimpata mwanamke wa 1,742, akanipigia simu analia kwa furaha kwamba amempata dada yake. Nilimwomba asimwandikie kwanza. Kwa namba ile, yule anaweza kuwa dada wa mzazi mmoja, anaweza kuwa bibi, shangazi, mama mkubwa, hata mtoto wa ndugu. Tukaulizia umri: amemzidi miaka 31. Tukaangalia kromosomu X, kimoja cha vifurushi vinavyobeba vinasaba. Mwanamume ana X moja tu, na kila binti yake huipokea nzima, kwa hiyo mabinti wawili wa baba mmoja lazima washirikiane X nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Hawa walishirikiana vipande vipande. Udada wa baba mmoja ukaanguka palepale. Daftari la ubatizo ndilo lililomaliza: ni mama yake mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi yake. Hebu fikiria barua ya "dada yangu mpendwa" ingefika vipi kwa mwanamke ambaye mdogo wake alijifungua kwa siri.

Hifadhidata zenyewe hazisemezani. Kila kampuni ya vipimo ina yake: FamilyTreeDNA ilianza mwaka 2000, 23andMe 2006, AncestryDNA 2012, na MyHeritage ikaingia kwenye vipimo 2016. Ndugu yako yumo kwenye ile aliyoichagua yeye, au aliyozawadiwa siku yake ya kuzaliwa. AncestryDNA, ambayo ina watu zaidi ya milioni 20, haipokei faili kutoka kwingine, kwa hiyo huko lazima utume mate yenyewe. Ukishapata majibu unapakua faili lako ghafi na kulipeleka kunakopokelewa, kama tovuti ya GEDmatch, iliyoanzishwa mwaka 2010 kwa kazi hiyo hasa. Mwanamume anayemtafuta baba ana kipimo cha ziada, kile cha kromosomu Y, ambayo hushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika. Penye desturi ya kurithi jina la ukoo kwa baba, watu wanaolingana naye Y wanaweza kumwonyesha jina ambalo angelibeba.

Kuna jambo linaloniuma kila mara. Hifadhidata hizi zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mwenye asili ya Afrika au Asia hutoa mate yaleyale, hulipa fedha ileile, kisha hufunguliwa orodha ambayo aliye karibu naye kuliko wote ni wa cM 40 au 30. Kasoro haiko kwenye mwili wake. Ndugu zake hawajapima, basi. Na palipo na desturi ya kuoana ndani ya ukoo au ndani ya jamii ndogo, watu hushirikiana vipande vidogovidogo kutoka kwa mababu wengi, na jumla inawafanya waonekane karibu kuliko walivyo. Hapo uangalie urefu wa kipande kirefu kimoja zaidi ya jumla. Kwa watu wa makundi haya wote nashauri waanze na wazee walio hai. Mzee wa miaka 80 anayekumbuka nani alimlea nani ni hazina kuliko orodha ya watu elfu moja wa cM 20.

Na usiri nao usiuchukulie kijuujuu. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji aliyekuwa akitafutwa kwa miongo mingi baada ya kupitia GEDmatch kutafuta ndugu zake wa mbali, na watumiaji wengi hawakuwa wanajua kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walichukua taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mimi bado naona kupima kuna thamani kwa mtu asiyejua asili yake. Ila soma masharti, chagua nani akuone, na kumbuka kwamba ukitoa mate yako umetoa pia nusu ya mate ya mama yako, ambaye hakuulizwa.

Orodha yangu ilipofunguka, aliyekuwa juu kabisa alikuwa na cM 236. Hakuna picha. Jina, herufi mbili. Mti wake wa ukoo una watu saba, wanne wameandikwa "faragha". Watatu waliobaki walikuwa marehemu, na kwenye miti hii ni marehemu tu wanaoonekana kwa majina. Chini yake kulikuwa na mtu wa 171, kisha wa 118, wa 104, wa 97, halafu umati wa watu wa 50 kushuka.

Niliwapanga kwa njia aliyoieleza mtafiti wa nasaba Dana Leeds mwaka 2018. Unachukua watu wenye kati ya cM 400 na 90. Wa kwanza unampa rangi, kisha unafungua orodha ya watu mnaolingana nao wote wawili, yeye na wewe, na kila aliyemo unampa rangi hiyohiyo. Unashuka kwa anayefuata ambaye hana rangi, unampa yake. Ukifika mwisho, kwa mtu mwenye bahati, zinatokea rangi nne zinazowakilisha babu na bibi zake wanne. Kwangu zilitokea mbili zenye watu wa kutosha, kijani na bluu, ya tatu hafifu, na ya nne haikuwepo kabisa.

Kutoka hapo maabara haikuwa na msaada tena. Nilianza kujenga miti ya ukoo ya watu nisiowajua. Unamchukua huyu wa 236, unapanda kwa wazazi wake, kwa babu na bibi zake, kwa wazazi wa hao. Unamchukua mwenzake wa rangi ileile, unapanda vilevile. Mpaka wanandoa wamoja waonekane kwenye miti yote miwili. Kijani walikutana kwa mume na mke waliooana mwanzoni mwa karne ya 20. Bluu walikutana kwa wanandoa wengine, wa kizazi hichohicho. Kisha unageuka na kushuka: kila mtoto wao, kila aliyeoa au kuolewa, kila mjukuu. Kushuka ndiko kunakochosha, kwa sababu kadiri unavyoukaribia wakati wetu ndivyo kumbukumbu zinavyofungwa, na mabinti wanapotea ndani ya majina ya waume zao. Lakini kama rangi mbili ziko upande wa mzazi wako mmoja, basi mahali fulani mtoto wa kijani alimwoa mtoto wa bluu, na wawili hao ndio babu na bibi yako. Ndoa hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Faharasa ya daftari la ndoa haikuwa nayo. Niliamua kufungua picha za kurasa zenyewe, moja baada ya nyingine, kwa sababu faharasa huandikwa na mtu anayesoma mwandiko wa mtu mwingine. Nayo ilikuwemo. Herufi ya kwanza ya jina la bibi harusi ilikuwa imeandikwa kwa mkia mrefu na aliyenakili akaisoma kama herufi nyingine. Upande wa kulia, kwenye nafasi ya kazi ya bwana harusi, pameandikwa: seremala. Chini kabisa, sahihi za mashahidi. Mmoja aliandika taratibu, kwa herufi zilizotenganishwa, kama mtu asiyeshika kalamu mara kwa mara, na jina lake lilikuwa la kaka wa bibi harusi, yuleyule aliyekuwa babu wa mtu wangu wa 171. Niliikuza picha ile mpaka wino ukawa vumbi.

Kisha kukatokea mgogoro. Tanzia ya seremala yule, iliyochapishwa gazetini, ilisema ameacha watoto wanne. Karatasi yangu ilisema watano. Mtu mwenye kiu ya jibu angesema ofisi ilikosea kuandika, akaendelea. Mimi nina imani kubwa na vitu vidogo visivyolingana. Ndivyo vinavyokuambia kama uko nyumba sahihi au uko kwa jirani, na seremala huyo alikuwa na ndugu wa kiume ambaye naye alikuwa na watoto. Nikaenda kwenye daftari la mazishi. Alikuwepo wa tano, kijana aliyefariki akiwa na miaka 24, kabla ya baba yake. Tanzia zilizo nyingi huhesabu walio hai. Nilipowapanga wote watano kwa tarehe zao za ubatizo, wa pili alikuwa mwanamke, na mwaka niliozaliwa mimi alikuwa na miaka 19.

Tanzia ileile ilinipa jina alilokuwa nalo sasa, kwa sababu iliwataja mabinti kwa majina ya waume zao. Kama unatafuta watu walio hai, hakuna karatasi inayozishinda tanzia: zinataja ndoa, zinataja miji waliyohamia watoto, zinataja wajukuu, na huandikwa na watu wanaoijua familia kutoka ndani.

Ningeweza kumwomba mmoja wa ndugu zake apime ili niwe na hakika zaidi. Sikufanya hivyo. Mwanamke aliyejifungua kwa siri akiwa na miaka 19 huenda hajamwambia mume, huenda watoto hawajui, huenda hata dada zake waliambiwa kwamba amekwenda kufanya kazi mbali. Siri ile ni yake kuitoa. Kwa hiyo barua ya kwanza, kwa maoni yangu, huenda kwake mwenyewe: kwa posta, ndani ya bahasha ya kawaida, bila kupitia mitandao ambako mtoto anaweza kuwa ndiye anayemfungulia mama yake ujumbe. Naiweka hapa kama nilivyoiandika, ila majina:

"Shikamoo Mama. Nilizaliwa tarehe hiyo niliyoandika hapo juu, nikalelewa na familia iliyonitendea wema. Natafuta asili ya ukoo wangu, na kumbukumbu nilizozipata zinanifanya niamini kwamba unaweza kunisaidia kuifahamu. Sihitaji fedha, na sina lawama kwa mtu yeyote. Sijazungumza na mtu mwingine wa ukoo wako, na sitafanya hivyo bila ruhusa yako. Ukipenda kunijibu, anwani na simu yangu ni hizi. Usipopenda, nitaelewa na sitakusumbua. Ila nitashukuru sana ukiniandikia hata mistari miwili kuhusu maradhi yaliyomo kwenye ukoo."

Haisemi "mimi ni mwanao". Mtu mwingine akiifungua ataona mtafiti wa ukoo anayeomba msaada, lakini yeye akiiona tarehe atajua. Haina picha ya mtoto mchanga wala kilio cha miaka yote ile. Na inamwachia njia ya kutoka, kwa sababu aliyebanwa hujibu kwa hofu.

Jibu lilikawia. Lilipokuja lilikuwa ujumbe mfupi wa simu, kutoka namba nisiyoijua, wenye swali moja tu: "Waliokulea walikuwa wema kweli, au umeandika ili nisiumie?" Nilimpelekea mama aliyenilea ausome. Akachukua simu yangu, akavaa miwani, akamjibu yeye mwenyewe. Waliyoandikiana siku ile ni yao, na mimi sikuyasoma yote.

Si kila mtu anapata hivyo. Kaka mmoja, mtu mzima, ambaye nilifuatilia naye karatasi zake kwa muda mrefu, alirudishiwa barua yenye sentensi moja kwamba hakijulikani anachokizungumzia. Vinasaba havikuwa na shaka yoyote. Namba zilikuwa za mama na mtoto wake. Alitaka kumwendea mlangoni. Nilimsihi asiende, na nitaendelea kuwasihi wengine. Kujua asili yako ni haki yako. Kupokelewa ni zawadi ya mwenzako, naye anaweza kuwa bado anaiogopa siku ileile aliyoiogopa akiwa msichana. Kaka yule alibaki na majina ya babu na bibi zake, na binamu mmoja aliyejitambulisha kwake kwa hiari baada ya kuona jina lake kwenye orodha. Anasema kwa sasa inatosha, na kuna siku anasema haitoshi.

Mama aliyenizaa naye akapima. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya kumwomba, hayakuhitajika. Alisema kama mate yake yatanisaidia kumjua baba, niyachukue. Majibu yalipotoka tulikuwa na cM 3,471 kati yetu, na jambo ambalo karatasi zilishalisema likathibitika. Faida yake kubwa zaidi iko upande wa pili. Kila mtu kwenye orodha yangu ambaye analingana pia na mama ni wa ukoo wa mama. Kijani na bluu wote wakaondoka. Waliosalia, wale wa rangi ya tatu niliyoiona hafifu, karibu wote ni wa baba.

Kuhusu baba, mama anakumbuka jina la kwanza na jambo moja zaidi: alikuwa na pacha, na watu walikuwa wakiwachanganya. Kumbukumbu hiyo ni nzuri na ni ngumu. Nzuri kwa sababu mapacha huonekana kwa urahisi kwenye daftari la ubatizo au la vizazi, majina mawili, tarehe moja, wazazi walewale. Ngumu kwa sababu mapacha wanaofanana kabisa wana vinasaba vilevile, na kipimo cha kawaida kitamwonyesha mtoto wa pacha wako kama mtoto wako. Nikiwapata wote wawili, ushahidi pekee wa yupi ni baba na yupi ni baba mdogo au baba mkubwa utakuwa maneno ya mama.

Aliye karibu zaidi upande huo ni bibi mmoja wa cM 131. Kwa umri wake na kwa namba hiyo, huenda yeye ni kitukuu wa wanandoa ambao mimi ni kilembwe wao. Nilimwandikia kwa heshima zilezile, naye, tofauti na wengi, alijibu siku hiyohiyo na kuuliza kwanza kama nimekula. Tumejenga naye mti wa ukoo wake mpaka kwa wanandoa wanne wanaoweza kuwa ndio. Matawi ya watoto wa kiume nimeshayashuka na pacha sijawaona. Yamebaki ya mabinti, walioolewa wakabadilisha majina. Bibi anasema marehemu mama yake alikuwa akikata tanzia magazetini na kuzibandika kwenye daftari la hesabu, miaka na miaka, za ukoo mzima. Mjukuu wake anazipiga picha na kunitumia ukurasa kwa ukurasa, na mapacha wa kiume wa kwanza wametokea kwenye ukurasa ulioingia leo, kama wajukuu wa marehemu, bila jina la baba yao.